SOMO LA VIKUNDI: ASKARI AMERUDI NYUMBANI



Somo la safari hii si la mbolea wala la kuweka hesabu. Ni juu ya watu waliokuwa wanajeshi wakarudi vijijini mwetu, na juu ya wengine wao wanaofikia kutaka kujiua. Tunajua neno hili halitajwi ovyo kwetu. Lakini tumezika, na tumechoka kuzika tukinong'ona. Kwa hiyo tunaomba yule atakayesoma kwa sauti katika kikundi alitamke wazi. Kama kuna mshiriki aliyefiwa namna hii, mwambieni kabla ya mkutano kwamba hili ndilo somo, ili achague mwenyewe kuja au kukaa nyumbani. Wala hatakiwi kueleza kwa nini hakuja.

KISA CHA AFANDE

Kulikuwa na mwanamume katika kikundi kimoja tunachokitembelea. Jina lake hatulitaji, wala la kijiji. Watu walimwita Afande, hata watoto wadogo. Alikaa jeshini miaka kumi na miwili, akaenda Somalia mara mbili, akarudi na kiinua mgongo chake. Alinunua matatu kwa ushirika na shemeji yake. Mwaka wa pili injini ikafa, na matatu ikabaki imeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani.

Afande alikuwa mtu wa saa. Mkutano ukiwa saa nane, yeye alifika saa nane kasoro robo, akakuta hakuna mtu, akapanga viti. Halafu akaanza kukosa. Mara ya kwanza alitozwa faini. Mara ya pili faini ikaongezwa. Katiba ya kikundi ilisema mtu akikosa mara tatu bila kutoa sababu jina lake linakatwa, nalo likakatwa. Katibu alipiga mstari kwa rula.

Wiki chache baadaye Afande alimwendea mweka hazina jioni, akalipa deni lote la mkopo na faini zote. Hakuomba kupunguziwa hata shilingi kumi. Mweka hazina alifurahi sana, akamsifu mbele ya mkewe kwamba watu waaminifu bado wako. Siku hizo hizo Afande alimpa mpwa wake redio na buti zake nzuri. Akampelekea mama yake gunia la mahindi, akakaa naye mpaka usiku, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Watu wakasema, "Afadhali, sasa amepata nafuu." Kabla ya juma kwisha alikuwa amejiua.

Sisi tunaoandika somo hili tulikuwa katika ule mkutano wa kukata jina. Tulialikwa kufundisha utunzaji wa vitabu, na tulikisifu kikundi kwa kufuata katiba yake. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza, "Huyu aliyekuwa anafika wa kwanza, mbona haji?"

SI VITA PEKE YAKE

Askari akijiua, watu husema, "Ni yale mambo aliyoyaona." Inaweza kuwa hivyo. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na wako waliokuwa kambini El Adde asubuhi ya tarehe 15 Januari 2016, na wengine waliokwenda baadaye kuchukua miili ya wenzao. Kabla yao kulikuwa na waliopelekwa kulinda amani Namibia mwaka 1989, Yugoslavia ya zamani mwaka 1992, na Sierra Leone kuanzia 1999. Vijiji vyetu vingi vina mmoja au wawili wa hao.

Aliyepitia mambo kama hayo anaweza kubaki na kiwewe. Usiku anaota yale yale. Mlango ukibamizwa anaruka. Kanisani anakaa kiti cha mwisho, mgongo ukutani, ili aone kila anayeingia. Sokoni hapendi kwenda. Hasira inawaka kwa neno dogo, na baadaye mwenyewe anaona haya. Na kuna jingine linalofichika zaidi, yaani kujilaumu. Kwa nini mwenzangu alikufa mimi nikabaki? Kwa nini nilifanya lile, au kwa nini sikulizuia? Hilo halina kovu la kumwonyesha daktari.

Lakini tukisema ni vita tu, tutawakosa wengi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za wanajeshi wapatao milioni 3.9 wa wakati wa vita vya Iraki na Afghanistani. Waliona kwamba kupelekwa vitani peke yake hakukuongeza hatari ya kujiua. Kilichoonekana kuwa na hatari ni kuacha jeshi, hasa kwa waliotoka kabla ya kutimiza miaka minne na wale walioondolewa kwa makosa. Uingereza nako, utafiti wa mwaka 2009 uliona kwamba vijana wa kiume wa miaka 24 au chini yake waliotoka jeshini walijiua mara mbili hadi tatu zaidi ya vijana wenzao raia.

Hebu tufikirie maana yake hapa kwetu. Kambini filimbi inamwamsha, chakula kiko, cheo kiko begani, na wenzake wanamjua mpaka kwa jina la utani. Akirudi nyumbani hakuna anayemngoja alfajiri. Mke ameendesha boma miaka yote hiyo na ana utaratibu wake. Mume akianza kutoa amri watoto wanamtazama tu. Ndugu wanajua ana pesa, na kila mmoja ana shida. Kiinua mgongo kikiisha, mtu aliyezoea kupigiwa saluti anasimama mbele ya akina mama kuomba mkopo wa elfu mbili. Wengine huachwa na mke hapo. Pombe inaingia, kwa sababu inaleta usingizi kwa saa mbili tatu, halafu inamwamsha usiku wa manane akiwa na huzuni zaidi ya ile aliyolala nayo.

Na yule kijana aliyefukuzwa jeshini, asiye na pensheni, ambaye kijiji kinamcheka kwamba alishindwa na kazi ambayo wenzake walipanga foleni kuitafuta? Huyo hajiiti hata mstaafu. Huyo ndiye wa kuangaliwa kwanza.

MTU ANAYEAGA

Wengi wanaofikia kujiua huonyesha dalili, ingawa si wote, kwa hiyo wafiwa wasilaumiwe. Wengine husema kwa mafumbo: "Nyinyi mtabaki salama bila mimi," au "Nimekuwa mzigo." Wengine hujitenga, huacha kuoga, huacha kula, hunywa kupita kawaida, huendesha pikipiki kama wanatafuta ajali. Kugawa vitu vya thamani, kulipa madeni kwa ghafla na kuwatembelea watu kama mtu anayesafiri ni dalili kubwa. Na mjihadhari na ule utulivu wa ghafla baada ya muda mrefu wa huzuni. Pengine ni nafuu kweli. Pengine ameshakata shauri.

Hatusemi mweka hazina amshuku kila anayelipa mkopo, maana hapo vikundi vitakufa! Tunasema aangalie mtu mzima, si shilingi tu.

ULIZA WAZI

Hapa ndipo wengi tunaogopa. Tunadhani tukilitaja neno tutampa wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti uliofanywa mara nyingi umeonyesha kwamba si kweli. Kuulizwa hakumsukumi mtu kujiua, na wengi husema walipata nafuu kwa kuulizwa. Ila swali liwe wazi. Ukisema, "Huna mawazo mabaya, sivyo?" umeshamwambia jibu unalotaka, naye atakupa.

Katika kikundi kile kile, mwaka uliofuata, mwanajeshi mwingine wa zamani alianza kukosa mikutano. Safari hii mama mmoja mjane alikwenda kwake na chupa ya chai. Walizungumza habari za mvua na za ng'ombe. Kisha akamwambia, "Mwanangu, nimeona umeacha kuja. Nimeona pia huli. Je, unafikiria kujiua?"

Alinyamaza mpaka chai ikapoa.

"Mama, nafikiria. Kila usiku."

"Na leo?"

"Leo pia."

Yule mama hakupiga kelele. Hakumwambia kwamba ni dhambi, wala hakumwambia afikirie watoto, maana alikuwa anawafikiria tayari, na ndiyo sehemu ya mzigo wenyewe. Alisema, "Basi leo hulali peke yako." Akamtuma mtoto amwite jirani, mzee aliyekuwa jeshini zamani. Mzee alilala pale. Saa kumi na moja asubuhi wote watatu walipanda matatu ya kwanza kwenda hospitali.

Alitueleza baadaye kwamba lililomtia hofu zaidi halikuwa jibu. Ilikuwa ile nusu saa kabla ya kuuliza, akizungumza habari za ng'ombe huku moyo unadunda. Tunashauri mjizoeze kulisema hili swali katika mkutano, wawili wawili. Mtacheka mwanzoni. Haidhuru.

Mtu akijibu ndiyo, mfuatilie kwa swali la pili: ameshapanga namna au siku? Kama amepanga, asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchota maji, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usikubali akuapishe kwamba hutamwambia mtu. Mwambie tangu mwanzo, "Siri zako nitazitunza, lakini hii ya uhai tutaibeba wengi."

UFUNGUO WA STOO

Tamaa ya kujiua mara nyingi huja kama wimbi. Hupanda sana, halafu hushuka, pengine baada ya saa chache, pengine siku. Kama wakati wa wimbi hakuna cha hatari karibu, wengi huvuka. Watu hudhani aliyezuiwa hapa atatafuta kwingine. Wako wanaofanya hivyo, lakini wengi hawafanyi.

Sri Lanka imetufundisha hili. Ni nchi ya wakulima kama sisi, na watu wengi walikuwa wakifa kwa dawa za shambani. Serikali yao ilianza kupiga marufuku zile kali zaidi, na tangu 1995 idadi ya wanaojiua ilishuka kwa karibu asilimia 70 katika miaka ishirini. Kilichobadilika si kwamba maisha ya mkulima yaligeuka kuwa rahisi. Sumu kali zaidi haikuwepo tena mkononi.

Kwa hiyo kikundi kinaweza kufanya jambo moja bila kungoja serikali wala mfadhili. Dawa za kunyunyizia mimea na za kuogesha ng'ombe zisikae uvunguni mwa kitanda wala jikoni. Ziwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, au stoo moja ya kikundi, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine, si kwa yule mwenye huzuni. Kiasi kinachonunuliwa kiwe cha msimu huo tu. Hii inawalinda watoto pia, na ni sababu nzuri ya kutoa kwa jirani bila kumwaibisha mtu. Kama yule mwanajeshi wa zamani anafanya kazi ya ulinzi yenye silaha, ndugu zake wazungumze na mkubwa wake apewe kazi nyingine kwa muda.

BARUA FUPI

Miaka ya 1960 huko San Francisco, Marekani, daktari mmoja aitwaye Jerome Motto alijiuliza afanye nini na wagonjwa waliotoka hospitali baada ya kutaka kujiua, kisha wakakataa matibabu. Hakuweza kuwalazimisha. Akaamua waandikiwe barua, fupi kabisa, ya mistari miwili mitatu: tunakukumbuka, tunatumaini uko salama, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Hakuna kudai kitu. Hakuna kuuliza kwa nini hakuja kliniki. Barua zilitumwa kwanza kila mwezi, baadaye kwa kuachana zaidi, jumla 24 kwa miaka mitano.

Wagonjwa waliokataa matibabu walikuwa 843. Walipangwa kwa bahati nasibu. 389 waliandikiwa na 454 hawakuandikiwa. Katika ile miaka miwili ya kwanza, ambayo ndiyo yenye hatari kubwa, walioandikiwa walijiua wachache zaidi. Barua tu, jamani! Na sisi leo tuna simu mfukoni.

Tulipowasomea habari hii wale wa kikundi cha Afande, katibu aliinuka akaleta kitabu cha katiba. Walibishana mchana kutwa, kwa sababu wengine waliona kwamba faini ikilegezwa kila mtu atakaa nyumbani. Mwishowe wakaandika hivi: mshiriki akikosa mara moja apigiwe simu au atumiwe ujumbe wa salamu, bila kutajiwa pesa. Akikosa mara mbili, wawili wamtembelee. Faini inazungumzwa baada ya hapo tu, na jina halikatwi kabla mtu hajaonwa kwa macho. Mapato ya faini yamepungua kidogo, hilo ni kweli. Mweka hazina analalamika mpaka leo.

Ndiyo kanuni iliyomtuma yule mama na chupa ya chai.

SHERIA NA MAZISHI

Kwa miaka mingi sheria yetu ya adhabu, kifungu cha 226, ilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Watu walificha. Wengine hawakupelekwa hospitali kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mjue hivyo, na mumweleze chifu na nyumba kumi kwa heshima kama hawajasikia. Aliyejaribu kujiua ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari.

Na juu ya mazishi, tuseme tu yale tuliyoyaona. Afande alizikwa haraka, asubuhi mapema, pembeni ya shamba, bila wimbo. Mtoto wake wa miaka tisa alimwuliza nyanya yake baba alikosea nini. Makanisa mengine yamebadilika katika jambo hili, mengine bado. Vikundi visingoje. Nendeni mkae na wafiwa kama msiba mwingine wowote, pikeni chai, mkachimbe kaburi. Mtoto aliyefiwa hivyo naye anahitaji kuangaliwa kwa miaka, si kwa juma moja.

PA KWENDA

Hospitali ya kaunti, na hospitali nyingi za kaunti ndogo, zina muuguzi au daktari anayeshughulika na magonjwa ya akili. Huzuni kubwa na kiwewe vina matibabu, ya dawa na ya mazungumzo, na mtu hupona au hupata nafuu ya kuishi nayo. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kuwaelekeza. Kuombewa ni kwema, na sisi tunaomba. Lakini mtu asikatazwe dawa zake kwa kuambiwa kwamba ameshaombewa. Simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ni ya bure, na kuna washauri. Kuna pia chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA. Mara nyingi askari atamweleza askari mwenzake jambo ambalo hataliambia hata mke wake, kwa hiyo mzee yeyote wa jeshi aliye karibu nanyi ni mtu muhimu sana. Mfundisheni lile swali.

Yule aliyepelekwa na matatu ya kwanza bado anakunywa dawa. Kuna usiku mbaya, na usiku huo humpigia simu yule mzee jirani, ambaye husema kwamba yeye naye halali siku hizi, basi wanapiga hadithi tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Katika kijiji chetu ni akina nani waliotoka jeshini, polisi au magereza miaka mitatu hii? Kuna yeyote aliyetoka kwa aibu, ambaye hatukumhesabu?

Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya mtu anayekosa mikutano? Isomeni kwa sauti.

Dawa za shamba za kila mmoja wetu ziko wapi usiku wa leo?

Kwa nini ni vigumu kwa mwanamume wa hapa kwetu kusema, "Nimelemewa"? Akina mama wajibu kwanza, kisha wanaume.

Kabla ya kufunga mkutano, fungueni kitabu cha mahudhurio mwangalie nani amekosa mara mbili. Chagueni wawili wa kumtembelea kabla ya Jumapili, na mkutano ujao watoe habari kama wamemwona.